Arlen Tweten, Aliyeuliza Mara ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe 10 Mei 2024, Arlen Tweten anavua aproni baada ya kulitumikia bwalo la Chuo cha Haugen kwa karibu miaka thelathini na mitano. Alianza Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1989, siku ambayo mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa imekwama, na wanaomjua hawatashangaa kusikia kwamba saa yake ya kwanza kazini aliimaliza akiwa amelala chini ya mashine hiyo, miguu tu ikionekana. Mkuu wa jiko wa wakati huo aliisalimia miguu, nayo ikaitikia kwa adabu.

Arlen alikulia shambani, kaskazini mwa mji wetu wa Vesterdal, hapa Minnesota ya magharibi. Alimaliza sekondari, akafanya kazi kwenye maghala ya nafaka kando ya reli mpaka yalipofungwa, kisha akaja kwetu kuosha vyombo kwa muda tu, mpaka apate kitu kingine. Hicho kitu kingine bado anakitafuta. Mwaka 1993 alifanywa msimamizi wa wanafunzi wanaofanya kazi bwaloni, na hapo ndipo alipoanza kazi ambayo leo tunamshukuru kwayo.

Wengi walioketi ukumbini leo walipata kazi yao ya kwanza maishani kutoka kwake. Hakuwa mtu wa hotuba. Siku ya kwanza alikupa aproni na kofia ya wavu, akasimama kando yako kifungua kinywa chote, akikwangua sahani pamoja nawe, na ilipofika mwisho ulikuwa umeshajifunza bila kujua ulifundishwa saa ngapi. Wanafunzi walimwita mzee tangu alipokuwa na miaka thelathini na tano. Hakukasirika. Alisema ni nywele.

Lakini ukiuliza jikoni Arlen ni mtu wa namna gani, utasimuliwa habari za Jolene Stenerson na wiki ya kwanza ya Septemba 1997.

Jolene alikuwa mwaka wa kwanza, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wa kwanza kwao kufika chuoni. Sehemu ya msaada wake wa masomo ilikuwa na sharti: aifanyie kazi humu humu chuoni, na kazi iwe imepatikana kufikia Ijumaa ya wiki ile. Asipoipata, sehemu hiyo inapotea, na baba yake alikwishasema wazi kwamba yeye hana cha kuzibia. Jolene angerudi nyumbani kukamua.

Alianzia maktaba, akakuta nafasi zote zimeshachukuliwa tangu Agosti. Ukumbi wa mazoezi walitaka mtu mwenye cheti cha kuokoa watu bwawani, na Jolene alijua kuogelea kwa kiasi cha kujiokoa mwenyewe. Posta ya chuo walimwambia ajaribu tena baada ya Krismasi. Jumanne mchana akaja bwaloni, ambako ndiko mwisho wa njia.

Meneja wetu alikuwa Vince Carbone, aliyehamia kutoka New Jersey mwezi uliotangulia. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa kuliko chumba chochote alichoingia. Alikuwa ameweka meza karibu na mlango, na foleni ya wanafunzi ilifika nje. Zamu ya Jolene ilipofika, Vince alimwambia amebakiwa na nafasi moja ya jioni, upande wa saladi, kazi safi kabisa.

"Unaitaka?"

"Hapana, labda yuko mwenye shida kuliko mimi," Jolene akajibu.

"Una uhakika?"

"Hapana, wala usijisumbue."

"Haya, asante kwa kuja. Anayefuata!"

Kijana aliyefuata akasema ndiyo kabla hajakaa vizuri.

Sisi tuliokuwa nyuma tukikata karoti tuliinua vichwa vyote kwa pamoja. Huku kwetu, mtu akikupa kitu unakataa. Akirudia, unakataa tena. Mara ya tatu unapokea. Hata kahawa ya jirani hainyweki bila hatua hizo, na mtoto wa shamba hulelewa hivyo kama anavyofundishwa kuvua buti mlangoni. Jolene hakuwa amekataa kazi. Alikuwa katikati ya kusema ndiyo.

Yeye mwenyewe husimulia kwamba alijua anafanya upuuzi. Mdomo ulikwenda peke yake. Alifika mlangoni, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa, akazifungua ili apate cha kufunga. Arlen alimwona. Aliweka chini trei ya vikombe, akamfuata hadi koridoni na glavu za mpira mikononi, maji yanadondoka sakafu nzima.

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Wa huku huku. Tunafuga, upande wa mashariki wa mto."

"Nilidhani hivyo. Sikiliza, nina nafasi. Si nzuri. Vyombo vya asubuhi, saa kumi na mbili kamili, na panatoka harufu ya mayai. Unaitaka?"

"Hapana, sitaki kukuletea taabu."

"Huniletei taabu. Unaitaka?"

"Hapana, kwa kweli, nyie mna mengi."

Arlen akavua glavu ya kulia, akaikung'uta, akaivaa tena. Hakuwa na haraka.

"Basi nakuuliza. Utakuja kesho asubuhi?"

"Basi," Jolene akasema, "kama hamna mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Nafasi hiyo Arlen alikuwa akiishika mwenyewe tangu majira ya kuchipua, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyekuwa tayari kuamka. Lakini bila sahihi ya Vince ilikuwa si kazi, na Vince alipomwona Jolene amerudi mbele ya meza yake alidhani anataniwa.

"Arlen, huyu si ndiye aliyesema hataki?"

"Hakusema hataki. Alisema hapana."

"Na tofauti yake ni nini, bwana?"

"Ungeuliza tena ungeiona."

Vince alitugeukia sisi wa karoti. Wote tulikuwa tunatikisa vichwa kukubali. Akamtazama Jolene, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nyie watu," Vince akasema, "huwa mnaoanaje?"

"Polepole," Arlen akajibu.

Vince akatia sahihi.

Jumatano Jolene aliingia akiwa na nywele mbichi na daftari la kemia kwapani. Mkamuaji wa ng'ombe haogopi maji wala asubuhi, kwa hiyo bomba la kusuuzia alilishika vizuri kuliko wengi. Mashine ndiyo iliyomshinda. Vikapu vya sahani vilipanda juu ya vingine kwenye mkanda, kengele ikalia, na Jolene akasikika akiiomba mashine msamaha.

"Usiiombe msamaha," Arlen akamwambia, "itazoea."

Maneno hayo yapo mpaka leo kwenye kibao juu ya mashine. Tulichonga kibao hicho mwaka 2003, na Arlen alituambia tumeharibu ubao mzuri.

Kifungua kinywa kilipokwisha, Vince alitoka jikoni na kisahani chenye mkate wa mdalasini uliobaki, akamwambia Jolene achukue. Jolene akasema hapana, asante. Vince akageuka, akaondoka hatua kadhaa, akasimama. Akarudi, akamwambia achukue. Hapana, kwa kweli. Vince akavuta pumzi, akatazama dari, akasema, "Binti, nakusihi, chukua huo mkate." Jolene akauchukua, akaumaliza akiwa amesimama. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Vince alikaa nasi miaka tisa, na alipoondoka alikuwa mtu wa kuuliza mara nne, kwa tahadhari.

Nisiandike kana kwamba Arlen hakukosea kamwe. Mwaka uliofuata alikuja Desmond Pruitt kutoka Chicago, akaulizwa kama anataka kazi ya jioni, akasema ndiyo. Arlen hakujua afanye nini na ndiyo ya namna hiyo. Akamuuliza tena kama kweli anaitaka. Desmond akasema ndiyo. Akamuuliza mara ya tatu.

"Mzee," Desmond akasema, "kama hunitaki niambie tu, nisiendelee kujiaibisha hapa."

Arlen alishtuka. Alimtengenezea Desmond kahawa, akamweleza desturi yote tangu mwanzo, na Desmond akacheka mpaka akamwaga nusu ya kikombe. Tangu siku hiyo Arlen alianza na swali la unatoka wapi, ndipo akauliza hilo lingine. Wanafunzi wametoka Fargo na Lagos, Manila na Milwaukee, na Arlen alimwuliza kila mmoja kwa namna ya kwao. Desmond alifanya kazi nasi mpaka akahitimu. Leo amesafiri kuja, ameketi meza ya pili, na kahawa yake tumeijaza nusu tu.

Ofisi ya ajira za wanafunzi nayo iliiga. Siku hizi mwanafunzi akisema hapana mezani kwao, haandikwi kwamba amekataa mpaka mtu amfuate na kuzungumza naye. Wao wanauita utaratibu mpya. Sisi tunajua ulianzia kwenye glavu zinazodondoka maji.

Jolene Stenerson alihitimu mwaka 2001. Aliondoka, akafanya kazi kwingine, akarudi, na tangu mwaka 2015 ndiye mkurugenzi wa bwalo hili na bosi wa Arlen. Mwezi wa tatu alimwita ofisini kumwambia tunataka kumfanyia sherehe ya kumuaga.

"Hapana," Arlen akasema, "msisumbuke."

Siku mbili baadaye akamwambia tena.

"Hapana, jamani. Watu wana kazi zao."

Kisha Jolene akanyamaza. Wiki ikapita. Arlen akaanza kupita mbele ya ofisi yake mara nyingi kuliko kawaida. Aliingia kuuliza kama kuna mopu ya ziada, ilhali mopu zote hukaa kwake. Aliingia kuuliza kama ukumbi mdogo umewekewa nafasi tarehe 10, kwa sababu, alisema, sakafu yake inahitaji kupigwa nta. Mkewe, Bev, alinipigia simu kuniomba nimsaidie, kwani nyumbani mtu halali vizuri. Nilimwendea Jolene nikamsihi.

"Nilifunga na kufungua kamba za viatu pale mlangoni," akaniambia. "Acha na yeye aonje kidogo."

Lakini hakuweza kungoja kesho yake. Alishuka mchana ule ule hadi chumba cha vyombo, akasimama pale pale aliposimama mwaka 1997, na mashine ikiunguruma akamwuliza kwa sauti kama atakuja.

"Basi," Arlen akasema, bila kugeuka, akipanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa, "kama mmeshapika kahawa."

Tumepika. Arlen, asante kwa vijana wote uliowafuata nje. Asante kwa kusimama nao asubuhi zile za harufu ya mayai, na kwa kutoamini hapana ya kwanza wala ya pili. Tunakuombea wewe na Bev afya, barafu nene ziwani ya kukalia mkivua samaki, na asubuhi za kulala mpaka mchoke. Mchana wowote ukipita karibu, ingia ule nasi. Tunajua utakataa, na tukirudia utakataa tena. Sisi hatuna haraka.

Marlys Kvamme, mwokaji, kwa niaba ya wafanyakazi wa bwalo