Shangazi Tochi na Jumamosi ya "Hatimaye Utajuta"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Shangazi Tochi atakabidhi funguo za ukumbi wetu wa sinema na kustaafu. Kamati ya kumuaga ilitafuta mtu mwenye kalamu nzuri wa kuandika wasifu wake. Wote walipotoa udhuru, kazi ikaniangukia mimi, mtu wa matangazo. Wanaoijua historia yangu na maandishi wasishangae kusikia kwamba ukurasa huu umehakikiwa na watu watatu.

Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili akawekwa mlangoni kukata tiketi, wa tano akapewa tochi ya kuwaonyesha watu viti vyao, na hapo jina likamganda. Tochi yake ilimulika sakafu, kamwe si uso wa mtu. Alisema aliyekuja kukaa gizani ana sababu zake. Aliokota vitu vingi chini ya viti vile, yakiwemo meno ya bandia, na akamrudishia mwenyewe kwenye bahasha bila kuuliza lolote.

Mwaka ule moshi ulipotoka chumba cha mitambo, aliwatoa watu mia mbili kwa mlango wa nyuma, safu baada ya safu, kwa sauti ile ile ya kuonyesha viti. Wengine walifika nje wakidhani ni mapumziko. Mimi nilitoka wa kwanza kabisa. Sikuwa naongoza njia, nilikuwa nakimbia.

Sasa niieleze ile Jumamosi, maana mficha uchi hazai.

Kuna filamu ya zamani ambayo mji huu uliipenda kupita kiasi. Mtu wa mawasiliano amebaki peke yake kwenye kituo cha angani, anasubiri jibu kutoka duniani miaka arobaini. Mwishoni taa inawaka: jibu limefika. Anavaa visikilizio, anatabasamu, na picha inakatika. Basi. Jibu lilisema nini? Watu walibishana tangu wakiwa vijana mpaka wakapata wajukuu.

Filamu ikatengenezwa upya, na hii mpya inalitoa jibu lote, dakika sita nzima, na muziki juu. Nikaandika bango: "Hatimaye utajua!" Herufi moja ikajipenyeza kwenye kiwanda cha uchapaji, na mabango thelathini yakabandikwa mjini kote yakisema: "Hatimaye utajuta!" Nilikuwa nimeyahakiki mwenyewe. Mara mbili.

Kana kwamba hayo hayatoshi, alasiri ya Jumamosi ile, kabla ya picha kuanza, nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa nikatangaza: "Asiyeipenda, aje aniambie mimi, ana kwa ana!"

Walikuja. Picha ilipokwisha, nusu ya ukumbi ilisimama kupiga makofi na nusu ikazomea. Bisi zikaruka. Mfamasia alisema hajawahi kuona kazi nzuri kama ile. Dereva wa basi akamjibu kwamba kitu pekee kilichosema ukweli siku hiyo ni bango. Kisha wakaukumbuka mwaliko wangu, wakaanza kunitafuta. Nilikuwa stoo ya mifagio, nimejibanza kati ya ngazi na ndoo.

Mlango ukafunguliwa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Shangazi akammulika mtu usoni.

"Toka. Wageni umewaita mwenyewe."

"Wamekasirika, Shangazi."

"Ulidhani watakuja kukupa pole?"

Nikatoka nyuma yake kama kifaranga. Lakini pale ukumbi wa mbele watu walikuwa wamenisahau, wanamtazama fundi cherehani wa duka la ng'ambo ya barabara, anayetushonea mapazia. Alikuwa amekuja na binti yake, mara ya kwanza tangu amzike mkewe mwaka uliopita.

"Wameiharibu," fundi alikuwa akisema. "Wameichukua, wameiharibu!"

"Baba, mimi nimeipenda."

"Basi hukuielewa."

"Wewe ulitaka jibu lisisikike milele? Wewe ndivyo ulivyo. Tangu mama afe, hata ukiulizwa hujibu. Nitakwenda kukaa kwa mjomba."

"Nenda!"

Nilifungua mdomo nitoe neno la busara. Shangazi akanikanyaga mguu. Viatu vyake ni vizito. Akawashika baba na binti mikono, akawaketisha kwenye benchi la mlangoni, naye akakaa katikati.

"Fundi," alisema, "wewe na marehemu nimewapeleka safu ya saba miaka mingi, na filamu ile mmeiona sijui mara ngapi. Yeye alikuwa akisema jibu lilikuwa nini?"

Fundi alimtazama binti yake. "Alikuwa akisema waliomtumia ujumbe walisema, 'Rudi nyumbani, chai inapoa.' Kila tukitoka hapa. Namwambia, mke wangu, ujumbe wa kutoka duniani lazima uwe wa maana. Ananijibu, 'Lipi la maana kuliko hilo?'"

Binti alikuwa shule ya bweni mama yake alipofariki ghafla. Alifika wamekwisha kuzika. Neno la mwisho hakulipata.

"Hujawahi kuniambia," alisema.

"Nimejaribu. Linakataa kutoka."

"Niambie tena, Baba. Sema kama yeye."

Akasema kama yeye, kwa sauti nyembamba isiyomfaa kabisa, na wote wawili wakaangua kicheko kilichokwisha kwa kilio. Waliokuwa wakizozana wakatazama viatu vyao. Mimi nililia pia, na sikulilia mguu.

Wiki iliyofuata Shangazi alimshawishi bosi tuonyeshe filamu zote mbili, moja baada ya nyingine, na wapinzani wakae mchanganyiko. Ukumbi ulijaa wiki tatu. Katika ripoti ya mwaka nilisifiwa kwa "mkakati madhubuti wa matangazo", nikapokea makofi kwa unyenyekevu. Leo nayarudisha kwa mwenyewe.

Fundi na binti yake ndio wanaomshonea gauni la kuagwa. Baba amekata kitambaa, binti anadarizi shingo, na ninavyoandika haya hawajakubaliana kuhusu mikono.

Shangazi anakwenda kuishi na mdogo wake, aliyekwisha kuonya kwamba kwake mtu hapangiwi pa kuketi. Tunamwombea mdogo huyo subira.

Shangazi wetu, asante kwa kila ngazi uliyotumulikia. Uishi miaka mingi yenye afya na vicheko, na popote utakapoketi, pawe pazuri.