Tumba Iliyopasuka Mtowisa

Ndugu waombolezaji, marehemu Zenon Kasonso alizaliwa tarehe 3 Mei 1936 hapa mtaani kwetu Izia, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1957 akaanza useremala, jioni akipiga bongo na tumba, zile ngoma ndefu za dansi, katika bendi ya vijana wa mjini. Huko alisifika kwa sikio lake, maana hakungoja gitaa limpe sauti, aligonga ngozi kwa kidole, akainamisha kichwa, akakaza nati moja moja hadi ngoma zikaitikiana, na sifa zile, tuseme kweli, zilimvimbisha kichwa.

Tarehe 14 Januari 1961 alifunga ndoa na Silvana, kiongozi wa waimbaji wa kinamama, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Modesti.

Tarehe 7 Oktoba 1974 bendi ilialikwa Mtowisa, kule bondeni, kwenye uzinduzi wa kijiji cha ujamaa, na asubuhi, katika baridi yetu hii, marehemu alizikaza ngoma sana, mpiga gitaa Fransisko akamsihi alegeze kwanza kwa kuwa joto la bondeni huvuta ngozi, naye akajibu kwamba sikio lake halifundishwi. Mchana, mgeni rasmi akiwa amesimama, tumba ikapasuka, uwanja mzima ukaangua kicheko, na marehemu, kwa kutafuta pa kuficha uso, akatamka kuwa mkewe aliiruka ngoma ile alfajiri. Kwa kuwa kwetu ni mwiko mwanamke kuruka ngoma, husemwa itapasuka, watu waliamini, kinamama wakamtenga Silvana, hata wanawe wakamnung'unikia, naye hakuimba tena.

Marehemu hakugusa ngoma tangu siku ile, na dansi liliposikika mtaani alifunga dirisha, aibu ikimtafuna.

Mwaka 1983 alianza kuugua ini, akalazwa hapa mjini, na kabla ya kufariki tarehe 22 Februari 1984 alikiri kwa mkewe kwamba alimsingizia, akaomba msamaha, Silvana akamjibu, "Baba Modesti, hukuniaibisha chumbani, uliniaibisha uwanjani," ndipo marehemu akaagiza haya yasomwe mbele yenu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na maseremala wenzake waliochonga jeneza hili. Mama Silvana hajasema kama amesamehe, na sisi hatuna uso wa kumuuliza. Pumzika kwa amani, Zenon.