Siku Niliyorudishwa Uwanja wa Ndege wa Visiwani

Ndugu zangu, mama zangu, na ninyi mnaosafiri wiki ijayo kwenda kutafuta kazi nje, ambao nimeomba mkae mbele: amani kwenu. Kila mtu aipokee kwa salamu ya dini yake, tusije tukamaliza saa nzima tukisalimiana. Mwenyekiti kaniambia nisirefushe na nisimtaje mtu jina. La majina nimekubali.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule fundi wa friji wa Nakivubo, Mnubi mrefu mwenye maneno mengi. Ambacho hamjui ni kwamba niliwahi kughushi cheti cha serikali. Ndiyo, mimi. Usiniangalie hivyo, nyabo, mama yangu, nitaeleza.

Kabla ya korona nilipata kazi ya kutunza mafriji na viyoyozi katika hoteli moja kwenye nchi ya visiwa, mbali huko baharini. Nchi ndogo kweli. Watu wake wote ungewahamishia hapa Bukoto na mitaa ya jirani, na nafasi ingebaki. Uwanja wa ndege mmoja, hospitali kubwa moja. Walikuwa wakiishi kwa watalii na samaki.

Korona ilipoanza kusikika, serikali yao ikafunga uwanja kabla hata ya kupata mgonjwa wa kwanza. Sisi wageni tulicheka. Tulisema hawa wamejinyonga wenyewe, maana mtalii ndiye aliyekuwa anawalisha. Baadaye ndipo nilielewa kwamba vitanda vyao vya mahututi vilikuwa vichache kuliko vidole vyangu hivi. Walichagua njaa ambayo wangeweza kuihimili. Hoteli ikabaki tupu. Meneja akatukusanya, akasema hamfukuzi mtu, kwa sababu hakuna pa kumfukuzia. Tukang'oa majani ya bustani ya mbele, ile waliyokuwa wakipigia picha za harusi, tukapanda mihogo na viazi. Jodari waliokuwa wakipelekwa Ulaya tukawa tunawala sisi. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kula vizuri kama nilivyokula kwenye nchi iliyofilisika.

Basi siku moja dada yangu akapiga simu kutoka hapa. Mama yetu ana pumu na moyo wake si mzuri.

"Kaka, mama iko mbaya, bambi, maskini. Anakuuliza kila siku. Daktari anasema homa yoyote ikimpata, hatapona. Wewe kuja."

Kuja, lakini kwa njia gani? Ndege chache zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na nchi tunazopitia zilidai cheti cha kuonyesha huna ugonjwa, kisichozidi siku tatu tangu kupimwa. Sawa. Lakini kile kisiwa hakikuwa na maabara ya kupima korona. Sampuli yako inasubiri ndege, inapelekwa nchi kubwa, inapanga foleni nyuma ya sampuli za wenyeji, majibu yanarudi siku ya sita. Cheti kinazaliwa kimeshakufa! Sheria ile iliandikwa na watu wenye maabara mlangoni mwao. Wakubwa wa kisiwa waliandika barua, wakaomba, wakaambiwa sheria ni moja kwa wote. Mimi nilipimwa mara mbili, nikakosa ndege mara mbili.

Mara ya tatu, cheti kilipokuja kimezeeka tena, nikaingia ofisi ya mapokezi ya hoteli, nikawasha kompyuta, nikaisogeza tarehe ya kupimwa siku nne mbele. Nilijiambia: ugonjwa sina, kilichozeeka ni karatasi tu. Na moyo wangu ulitulia kabisa, hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Uwanja wa ndege nikajipanga na wenzangu kama arobaini. Mbele, kwenye meza ya kukagua vyeti, nani amekaa? Yule yule mama wa afya aliyenichukua sampuli puani! Mfupi, wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nchi ile haikuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo yeye ndiye alichukua sampuli, yeye alisaini vyeti, yeye alisimama uwanjani. Nilitaka kutoka kwenye foleni. Lakini nikasema anapima watu wengi, hatakumbuka.

Akasoma. Akavua miwani, akasoma tena. Akanivuta pembeni, taratibu, bila kunipigia kelele. Tuliongea Kiingereza, nawawekea kwa Kiswahili.

"Fundi, tarehe hii sikumpima mtu."

"Labda umesahau, mama."

"Siku hiyo nilikuwa namzika baba yangu."

Nikamweleza habari za mama yangu. Halafu akaniambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, kwamba sheria ya watu kumi tu kwenye mazishi aliiandika yeye mwenyewe, na siku ile aliwarudisha shangazi zake wawili kutoka lango la makaburi. Akasema, "Ndege hii ndiyo inayotuletea dawa. Wakigundua huko kwamba vyeti vyetu ni vya uongo, haitarudi. Mama yako ni mmoja. Hapa nina mama wa watu wote."

Nilimchukia. Sitaficha. Niliitazama ndege ikipaa nami nimekaa kwenye gari la wagonjwa, na nililia kama mtoto, nikimwona mama yangu anakufa akiniuliza. Yule mama alinipima upya, akanifungia chumba peke yangu. Siku ya sita akaja mwenyewe, akasimama mbali na dirisha.

Ndugu zangu, nilikuwa nayo. Korona ilikuwa ndani yangu. Kile cheti, kabla sijakibadili, kilisema kweli kwa siku niliyopimwa, ila baada ya hapo niliupata ugonjwa, hadi leo sijui wapi. Ningeingia kwenye ndege ile na watu arobaini. Ningefika Bukoto, ningemkumbatia mama yangu. Daktari alikuwa ameshasema homa yoyote.

Nilikaa sakafuni. Sikuweza hata kuomba.

Nilipopona nilijua sasa polisi. Kweli aliniandikia ripoti, nikaonywa, nikasaini. Lakini kesho yake alirudi na jambo lingine. Walikuwa na maabara ya kukagua samaki wa kuuza nje, imekaa bila kazi, na yeye ndiye aliyegundua kwamba mashine moja mle inaweza kupima korona. Vipimo vyenyewe walishavipata, tatizo friji la kuvihifadhi limekufa, na fundi wake huwa anakuja kwa ndege kutoka ng'ambo. Akanipa ufunguo wa maabara. Yaani yule niliyemdanganya usoni ndiye aliyenikabidhi ufunguo! Nikamuuliza haogopi? Akasema, "Naogopa. Fundi mwingine sina."

Nilifanya kazi siku tatu. Kompresa niliitoa kwenye friji la aiskrimu la hoteli, meneja akaguna kidogo lakini akakubali. Friji likaanza kugandisha. Tangu wiki hiyo majibu yakawa yanatoka siku ile ile unayopimwa, na watu wakaanza kusafiri kwa vyeti halali, mimi nikiwemo. Nchi kubwa hazikuwalegezea sheria hata kidogo. Watu wa kisiwa ndio waliotafuta njia ya kuitimiza, kwa maabara ya samaki na friji la aiskrimu. Nimeona nchi zenye kila kitu zikilalamika zaidi yao.

Nilifika Entebbe, nikakaa karantini siku zote walizotaka, sikubishana hata na mlinzi. Halafu nikapanda hadi Bukoto. Mama alikuwa kitini, amekonda, anapumua kwa shida, lakini anapumua. Nilimweleza yote, hata cheti. Alinichapa kofi la bega, halafu akanishika shingo akalia. Akaniambia nimpigie yule mama simu. Hawakuelewana neno hata moja, lakini waliongea muda mrefu sana.

Nawashukuru meneja, dada yangu, na kikundi hiki mlionipokea bila kunihukumu. Na yule mama wa visiwani, popote alipo leo, Mungu amtunze. Ninyi mnaosafiri, mtarudishwa kwenye milango mingi, na mingine itakuwa ya uonevu, lalamikeni, andikeni barua. Lakini karatasi yako isiseme uongo. Hujui umebeba nini.

Naomba niishie hapa, kwa sababu nimeahidi kumpeleka mama yangu soko la Owino akachague kitenge. Ananisubiri, na hapendi kabisa kuchelewa.