Pangoni Hakukuwa na Geti

Kijiwe cha kahawa cha Mama Buli ni ubao mmoja juu ya matofali, pembeni mwa njia ya mkato inayoshuka kutoka nyumba za juu. Asubuhi hiyo watu walikuwa wamenuna. Ukuta mpya wa nyumba hizo ulikuwa umeshafika kifuani, na ukikamilika utaiziba njia. Soli, fundi viatu, aligonga msumari kana kwamba umemtukania mama. Wateja wake wote hushukia hapo. Ikizibwa, wanawe watakula nini?

— Zama za mawe nani alizungushiwa ukuta? alifoka. Mtu anatoka pangoni, anakwenda atakako. Hakuna geti, hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda kwa nani!

Kamusi, karani mstaafu, akashusha kikombe.

— Tuheshimiane. Mji wa kale wenye ukuta ndio ustaarabu. Soko ndani, kisima ndani, watu wanalala usingizi wa pono.

— Na aliyechelewa shambani? akadakia Breki, dereva asiye na gari. Lango limefungwa, analala na fisi!

— Si awahi!

— Awahi kwa saa ya nani?

— Haya, akasema Kamusi, zama za mawe viatu hawakuvaa. Soli angekufa njaa.

— Thubutu! Ningewashonea ngozi ya tembo. Soli moja, maisha mazima!

Breki akainamisha kichwa, akanong'ona:

— Mimi nawaambia, zamani hata fisi alikuwa mpole. Kaona ukuta, kajiuliza hawa wanaficha nini. Ndipo ukali ulipoanza.

— Na umbea, akasema Mama Buli akimimina kahawa. Pangoni ungemsengenya nani, wote mnasikia?

Mwashi mmoja mgeni, saruji hadi kwenye nyusi, akaja kuomba kikombe.

— Samahanini, wazee wangu. Ukuta nimeufikisha hapa njiani. Siku ya kikao cha ukuta, mlisema lango liwe wapi?

Kikao kilitangazwa kwa kipaza sauti wiki nzima. Siku yenyewe walikuwa hapahapa, wakibishana kama mwezini kuna matope.

— Hamkwenda?

Breki akakohoa. Kamusi akachungulia kikombe chake.

— Basi naziba, akasema mwashi. Akamaliza kahawa, akaondoka.

Soli alitafuta wa kumfokea, asimwone. Akakitupa kiatu cha watu, akatoka mbio.

— Fundi! Fundi, ngoja kwanza!

Nyuma yake Kamusi alikuwa ameshaanza:

— Lakini jamani, zama za mawe vikao walifanya?