Shangazi, Kaka Yake na Mti wa Karakana

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Afisa Mipango Mwandamizi wa halmashauri yetu anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake limo kwenye barua za idara, lakini ndani ya jengo hili, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Shangazi, na hatuoni sababu ya kubadili leo.

Alianza kama mchoraji ramani, enzi za wino na rula ndefu. Chumba chetu cha ghorofa ya pili kilikuwa na meza moja kubwa na dirisha lililogoma kufunguka. Wiki yake ya kwanza alikuja na bisibisi kutoka nyumbani, akalifungua, na tangu hapo hakuna kikao kilichokosa hewa humo. Baadaye alikwenda kusoma, akarudi akiwa afisa mipango, akapewa mafaili ambayo wengine waliyakwepa: nyumba za halmashauri za kupangisha watu wa kipato cha chini, na miti inayolindwa kisheria. Mafaili hayo hayapatani. Viwanja vilivyobaki mjini vina miti, na familia isiyo na makazi haiwezi kungoja kiwanja kisicho na mti.

Shangazi hana hasira, ana maswali. Bwana mmoja alikuja kuomba kibali cha kukata mti kwa sababu ndege walikuwa wakichafua gari lake. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama gari hilo lina magurudumu. Bwana aliondoka bila kibali, na tunasikia siku hizi anaegesha upande wa pili. Kwa kompyuta, tuseme ukweli, hakuwa hodari. Mpaka leo huizima kwa kuchomoa waya ukutani.

Kazi iliyomgharimu kuliko zote ilikuwa ya karakana. Karakana ya zamani ya magari ya halmashauri ilikuwa imebaki uwanja mtupu, kando ya mtaa wenye safu ya miti mikubwa iliyolindwa. Halmashauri ilitaka kujenga hapo nyumba za kupangisha kwa familia zilizokuwa zikiishi kwenye mabweni ya muda, katika vyumba vilivyogawanywa kwa mapazia. Ramani ya kwanza ilifyeka safu nzima ili kupata maegesho. Shangazi aliirudisha. Ya pili aliirudisha pia, hadi msanifu majengo akawa anamkwepa kwenye korido. Mwishowe jengo liligeuzwa, maegesho yakapunguzwa, na miti yote ikapona isipokuwa mmoja. Huo ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, na mizizi yake ilikaa palepale palipopaswa kupita bomba la majitaka na njia ya kuingilia ghorofa ya chini. Ungebaki, vyumba vya chini, vilivyotengwa kwa wasioweza kupanda ngazi, vingefutwa.

Mti huo ulisimama mbele ya nyumba ya kaka yake, mwalimu mstaafu aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Tena kaka huyo ndiye aliyewaongoza wakazi waliopinga ujenzi. Shangazi alimwendea mwenyekiti wa kamati ya mipango ya madiwani, akaeleza undugu wao, akaomba kazi apewe mwingine. Idara haikuwa na mwingine. Kamati iliamua aendelee, undugu utangazwe mbele ya wote, na uamuzi ubaki kwa kura za madiwani.

Wiki zile chakula chake cha mchana kilirudi nyumbani kama kilivyokuja. Kila akitoka kazini alipitia uwanjani na futi ya kupimia, akitafuta pengine pa kupitisha bomba. Hakupapata.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika. Alisoma ushauri wake bila kupandisha sauti: mti ukatwe. Kaka yake akasimama.

"Waheshimiwa, huyu ni mdogo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Leo ananisomea hukumu."

Watu walicheka, kisha wakaacha walipoona mwalimu mwenyewe hacheki. Mwenyekiti akamuuliza Shangazi kama ana la kujibu.

"Ninalo," alisema. "Kaka anasema kweli kuhusu mti. Sote tumekaa chini yake. Ila kule mabwenini kuna mama anayebebwa mgongoni na mwanawe kila akitaka kutoka nje. Nimekwenda kumwona. Bomba lisipopita, yeye ndiye atakayebaki kule."

Ushauri ulipita kwa tofauti ya kura chache.

Siku ya kukata, kazi yake haikumtaka awepo, lakini alikwenda. Kaka yake naye alitoka, akasimama upande wake wa barabara. Hawakusemezana siku hiyo, wala kwa muda mrefu baadaye. Kwenye harusi ya mpwa wao walikaa meza mbalimbali. Ofisini hakulisema, ila tuliokaa naye chumba kimoja tuliona jinsi alivyokuwa akitazama simu, kisha akiigeuza kifudifudi.

Nyumba zilijengwa, zikajaa. Mwaka uliofuata aliandika ripoti ambayo hakuna aliyemwomba. Alieleza kwamba mtaa ulikuwa na joto zaidi mchana kuliko alivyokadiria, na kwamba miche iliyopandwa kufidia ule mti ilikauka kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuimwagilia. Aliandika kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Tangu hapo halmashauri haitoi kibali cha kukata mti unaolindwa bila kumtaja atakayemwagilia miche na kwa muda gani. Miche mingine ilipandwa pale, na safari hii imeshika.

Yule mama wa mabwenini alipata chumba cha chini. Ni fundi cherehani, na kwa kiti chake cha magurudumu hutoka na kuingia bila kumwomba mtu. Kaka yake Shangazi alianza kumpelekea suruali za kupunguza, kisha akawa anabaki kibarazani kusoma gazeti. Siku moja fundi alimuuliza mbona dada yake haonekani. Akajibu kwamba ana kazi nyingi.

"Mwalimu," fundi alimwambia, "mimi nakaa hapa kwa sababu mti wako ulikatwa. Ukimnunia dada yako, nami nijihesabu nimenuniwa?"

Alimaliza gazeti lake, akaenda zake, na Jumapili hiyo akampigia simu dada yake aje kula. Hakusema kwamba amekosea. Mpaka leo anashikilia kwamba mti ungeweza kubaki, na Shangazi hajawahi kumwomba abadili mawazo. Hubishana huku wakipakuliana.

Kwenye hafla ya Ijumaa mwalimu ameomba nafasi ya kuzungumza. Ratiba imempa dakika tano, ila tunaoujua ukoo huu tumeagiza chai ya ziada.

Shangazi, ahsante kwa kila ramani uliyoirudisha na kila swali lililotuudhi kabla ya kutufaa. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na vikao, na Jumapili ndefu kwa kaka.