Gari Limezimwa Kwenye Kona

Jumamosi, saa saba mchana. Jua kali, upepo hakuna.

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi, kaka. Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Uko wapi? Mnunuzi wa vyuma chakavu amefika, anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Gari liko wapi?

DADA: Ninalo mimi. Tuko kwenye kona ya mlimani.

KAKA: Kona ipi?

DADA: Unaijua.

KAKA: Una wazimu wewe! Geuza sasa hivi—

DADA: Sigeuzi. Mama alisema mbele yako: likizimwa hapa likiwa la moto, kisha likawaka bila kusukumwa, haliuzwi.

KAKA: Mama alikuwa anatania tu, yuko zake jikoni!

DADA: Basi utani wake nimeushika. Wakunga wenzangu wanapanda huku zahanati kwa miguu. Mimi sipandi kwa miguu na gari lipo.

KAKA: Hilo ni jiko, si gari.

DADA: Lilikuwa jiko. Bomba la petroli lilipita juu ya ekzosi. Ukizima injini, feni inasimama, joto linajifungia chini ya boneti, petroli inachemka bombani. Pampu inabaki kuvuta mvuke. Bomba nimelihamisha. Ekzosi nimeizungushia kitambaa cha kuzuia joto. Na kule mbele…

KAKA: Mbele umefanya nini?

DADA: Nimeng'oa taa.

KAKA: Taa zangu nilizofunga mwenyewe? Zote nne?

DADA: Zote. Zilijipanga mbele ya rejeta inayopoza injini, kama wageni waliokataa kuingia ndani. Upepo ungepita wapi?

KAKA: [Mtandao unakwaruza.] …Kwa hiyo siku ile tunampeleka baba hospitali—

DADA: Kaka.

KAKA: Lilizimika hapo konani, nikasukuma mpaka viganja vikachubuka. Yeye yuko kiti cha nyuma, ananiambia nipumzike. Mimi! Nipumzike! Kumbe ni taa zan—

DADA: Sikiliza. Bomba lilikaa pale kabla hujajua hata kushika usukani. Nimeliona kwa macho yangu. Taa ziache.

KAKA: Umeshalizima?

DADA: Kabla sijakupigia. Na boneti nimeifunga makusudi, liive vizuri.

KAKA: Litakuaibisha.

DADA: Liniaibishe. Weka simu sauti kubwa, na mnunuzi asikie.

KAKA: Mdogo wangu, tafadhali, shuka tu—

DADA: Nawasha.

[Stata inazunguka. Inakoma.]

KAKA: Nilikwambia!

DADA: Nyamaza.

[Stata inazunguka tena.]

KAKA: Usikanyage hivyo, utalilowesha petroli! Gusa kidogo. Kidogo tu… liachie lipumue… sasa!

[Injini inanguruma.]

DADA: Umesikia?

[Mtandao unakwaruza tena.]

DADA: Kaka? Upo? Salio linaisha. Mwambie huyo bwana—

KAKA: Ameshasikia. Anakunja kamba yake ya kuvutia gari. Wewe panda. Panda, usisimame ha—

Simu ilikatika. Mnunuzi aliondoka na kamba yake. Ndani ya nyumba, Mama aliendelea kukunja nguo, akiimba. Dada alifika zahanati ya juu na kuanza kupima wajawazito. Kaka alivaa viatu akaupanda mlima kwa miguu; alipofika kwenye kona, alikaa chini, pale alipolisukuma gari siku ile ya baba.