Maji ya Injini ya Ukonohama

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Makumbusho ya Mkoa, na nyinyi mlioketi viti vya mbele,

Karibuni Ukonohama. Chai ipo, keki za mchele zipo. Sisi wanakijiji tumemtuma Torakichi, mvuvi mstaafu, mume wa marehemu Shizue, awasomee. Shule hakumaliza, kwa hiyo maneno yakichoma mtuwie radhi. Hakufundishwa kuyapaka sukari.

Historia ya injini

Injini hii ilinaswa na nyavu zetu nje ya rasi, vita vimekwisha zamani. Ni ya ndege ya jeshi la Japani, jeshi letu. Silinda zimepangwa duara, pangaboi limepinda. Nani aliirusha, hakuna ajuaye. Lakini Minoru, kaka yake Shizue, aliruka na ndege ya jeshi upande huohuo kabla hajaanza kunyoa ndevu, asirudi. Serikali ikaleta sanduku jeupe la mifupa. Mama mtu akalitikisa, likalia. Ndani mlikuwa na kijiwe. Kijiwe kimoja, Mgeni rasmi, na barua ya pongezi.

Shizue alipoiona injini inavuja maji ya bahari pale gatini, alisema, "Huyu ndiye." Hakuna aliyembishia.

Mafanikio

Tulichanga mbao na mabati tukaijengea jumba hili, kabla ofisi yoyote haijatujua. Kila mwezi wa nane, wafu wanaporudi nyumbani na kiu yao, tunaiogesha kama tunavyoogesha makaburi: maji kwa kata, polepole, kutoka juu. Hata wasiopoteza mtu baharini huja. Injini hii ina wajukuu wengi kuliko Torakichi, ambaye hana hata mmoja.

Changamoto

Mkoa ukalichukua jumba, akaletwa Bwana Hirasawa kulisimamia. Akabandika tangazo: MAJI MARUFUKU. Mwaka jana Shizue alifika na birika lake.

"Bibi, maji yanakila chuma."

"Na kiu je, haimli yeye?"

"Lakini bibi, hakuna ushahidi kwamba ni ya kaka yako."

"Kwani kijiwe kilikuwa na ushahidi, mwanangu? Mbona mama alikipokea kwa mikono miwili?"

Hirasawa akainama, akaomba radhi, akainama tena. Mlango hakufungua. Shizue akayamwaga maji kizingitini. Njiani akamwambia mumewe, "Leo nimeunywesha mlango," akacheka peke yake. Baridi ilipoingia akafariki.

Sasa tunasikia injini inapelekwa mjini kesho kutwa, ifungiwe ndani ya kioo, hewa kavu, isioze. Wakubwa mnajua sana kutunza vyuma. Vijana mliowapakia humo hamkuwatunza hivyo.

Maombi

Tunaomba injini ibaki. Ni kweli, maji yetu yanaila. Sisi ni watu wa bahari, kutu hatufundishwi. Acheni iliwe polepole, mikononi mwa watu wake. Kaburi nalo lina haki ya kuisha.

Tangazo nalo liondolewe kabla ya mwezi wa nane.

Na kama gari limekwisha kukodiwa, basi tuambieni hapahapa, mbele ya watu: maji ya Minoru tuyamwage wapi?

Urudi salama, Mgeni rasmi. Nyumba yako isipungue mtu, na wafu wako wasione kiu.

Ni sisi,
Wakazi wa Ukonohama